Programu Ijirekebishe, Lakini Isijidanganye

  Leo sikushika kalamu ili niwasimulie hadithi ya sungura na fisi, wala kutunga mashairi kama wenzangu wa kidato cha nne. Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo lililotia fitina chamani mwetu tangu muhula uliopita, nalo ni ile programu ya kompyuta ya kuazimisha vitabu. Wako wanaosema itupwe. Wako wanaosema iachwe hivyo hivyo ilivyo. Mimi niliyeiandika nasema kuwa pande zote mbili zimekosea, na sababu ninazo.

Kwanza acha nieleze yaliyotokea, maana wengi wenu mliyasikia nusu nusu tu kwenye foleni ya chakula cha mchana. Nilipokuwa kidato cha pili niliandika programu ndogo ya kukumbuka nani ameazima kitabu gani katika sanduku la chama. Sheria yetu mnaijua: mwanachama haruhusiwi kuwa na vitabu zaidi ya viwili kwa wakati mmoja. Basi siku moja msichana mmoja wa mkondo ule mwingine, ambaye tayari alikuwa na vitabu viwili, akaja kuomba cha tatu. Kompyuta ikakataa, nasi tukamnyima. Haki ikatendeka, au tuseme tulidhani hivyo. Juma lililofuata akarudisha kimoja, akaomba kamusi. Kompyuta ikakataa tena. Akashangaa, akasema, "Kwani mimi niko na ngapi?" Mimi nikamjibu kwa kiburi kwamba mashine haisemi uongo.

Mwisho wa muhula tukahesabu vitabu. Msichana yule alikuwa amerudisha vyake vyote, lakini kompyuta ikasema bado ana viwili, na kimoja ni ile kamusi. Kile cha kwanza tukakikuta sandukuni kimetulia. Hapo ndipo ningeshtuka, lakini sikushtuka. Tulisema labda alikirudisha bila kuandikisha. Kamusi haikuonekana popote. Akaambiwa alipe shilingi 1,200. Mama yake huuza sukuma wiki na nyanya sokoni. Akaleta shilingi 300 kwanza, zote za sarafu na noti za hamsini hamsini, na tukamwandikia risiti! Likizo ilipokwisha, mwalimu mmoja akaitoa kamusi kwenye dawati lake. Alikuwa ameichukua kuandalia somo, akasahau kuirudisha. Yule msichana hakuwahi kuigusa hata siku moja.

Pesa zake tulimrudishia. Lakini chamani hajarudi mpaka leo. Kosa halikuwa la mwalimu wala la mtunza vitabu. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa ndani ya mistari minne tu.

Ili mwelewe, sharti niwaeleze kidogo juu ya lugha niliyotumia. Inaitwa Prolog. Haimo katika silabasi yetu. Nilifundishwa na binamu yangu anayesoma chuo kikuu, akaniletea kwa flashi ile inayoitwa SWI-Prolog, ambayo ni ya bure, na iliyoanzishwa mwaka wa 1987 na Jan Wielemaker kule Amsterdam. Prolog yenyewe ina umri mkubwa kuliko wazazi wa wengi wetu. Ilizaliwa mwaka wa 1972 mjini Marseille, Ufaransa, mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, na mawazo mengi ya kimantiki yalitoka kwa Robert Kowalski, aliyekuwa Edinburgh. Sasa sikilizeni jambo litakalowafurahisha wapenzi wa lugha: kazi ya kwanza ya Prolog haikuwa hesabu za benki. Colmerauer alitaka binadamu aweze kuzungumza na mashine kwa Kifaransa cha kawaida! Na mwaka wa 2011, kompyuta ya IBM iitwayo Watson iliposhinda watu katika mchezo wa maswali kwenye televisheni ya Marekani, sehemu ya kazi yake ya kuchambua sentensi za Kiingereza iliandikwa kwa Prolog. Kwa hivyo msiniulize tena mwanachama wa Kiswahili anatafuta nini kwenye maabara ya kompyuta.

Katika lugha nyingi za kompyuta unaiamuru mashine: fanya hili, kisha lile. Katika Prolog unaieleza mambo yaliyo kweli, na kanuni za kupata ukweli mwingine kutokana nayo, kisha unauliza swali. Kwa mfano unaweza kusema, "Mtu anadaiwa kitabu ikiwa alikiazima na hajakirudisha." Hiyo ni kanuni, tena inasomeka kama sentensi. Ukiuliza nani anadaiwa, Prolog inatafuta jibu yenyewe, kutoka juu kwenda chini. Ikikwama hurudi nyuma na kujaribu njia nyingine, kama mtu anayetafuta nyumba ya rafiki yake mtaani. Anaingia kichochoro cha kwanza, anakuta ua, anarudi njia panda, anaingia cha pili.

Sasa, ukweli na kanuni ndizo programu yenyewe. Hakuna programu upande huu na data upande ule. Zote zina umbo moja na hukaa mahali pamoja. Kwa sababu hiyo Prolog inaweza kufanya jambo la ajabu, yaani programu kujiandika upya ikiwa inaendelea kukimbia. Ukitumia amri ya assertz, unaongeza ukweli mpya mwishoni mwa orodha. Ukitumia asserta, unaongeza mwanzoni. Ukitumia retract, unaondoa. Ni kama mchezaji wa mpira anayeruhusiwa kuandika sheria za mchezo huku mpira unachezwa. Tamu hiyo! Na hatari hiyo!

Hivi ndivyo nilivyoandika mimi, kwa ujuaji wangu:

azimisha(Mtu, Kitabu) :-
    assertz(anacho(Mtu, Kitabu)),
    idadi(Mtu, N),
    N =< 2.

Maana yake: andika kwamba mtu anacho kitabu, hesabu alivyo navyo, hakikisha havizidi viwili. Vikizidi, Prolog inasema "false", yaani si kweli, na mimi nikadhani kila kitu kimerudi kama kilivyokuwa. La hasha! Prolog inaporudi nyuma husahau makisio yake yote, lakini haifuti kile kilichoandikwa na assertz. Yule mtu wa kichochoroni, tuseme alikuwa anachora mishale ukutani kwa rangi kila anapopita. Akigonga ua atarudi njia panda, lakini mishale yake itabaki pale pale ikiwapoteza wengine. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi kila mara yule msichana alipoomba kitabu akanyimwa, kompyuta ilimwandikia kwamba amekichukua. Alivyozidi kunyimwa ndivyo alivyozidi kudaiwa. Ubaya ni kwamba skrini haikuonyesha dalili yoyote ya kosa. Ilisema "false" tu, na tena ilisema kweli. Uongo ulikuwa umejificha chini yake.

Binamu yangu alipoona mistari ile alicheka, kisha akanikanya. Alisema, "Mdogo wangu, assertz ni sumu, usiiguse kabisa." Namheshimu sana, lakini hapo sikubaliani naye. Kisu kikikukata kidole hukitupi chooni. Unajifunza kukishika kwenye mpini. Ngoja niseme ni wapi mpini na ni wapi makali.

Makali ya kwanza ni hayo niliyoyaeleza, kuandika kabla ya kuhakikisha. Dawa yake ni rahisi. Hakikisha masharti yote kwanza, na kuandika kuwe hatua ya mwisho kabisa.

Makali ya pili ni kuitumia assertz kama ubao wa kuhesabia. Wanaoanza Prolog wakiwa wametoka lugha nyingine hupenda sana jambo hili. Wanaandika kaunta(0), kisha kila mara wanaondoa namba ya zamani na kuandika mpya. Hesabu ikikatizwa katikati, ile namba nusu inabaki, na kesho hesabu inaanzia pabaya. Tena haina haja! Prolog ina findall, ambayo hukusanya majibu yote katika orodha, kisha length ikahesabu:

idadi(Mtu, N) :-
    findall(K, anacho(Mtu, K), Orodha),
    length(Orodha, N).

Hapa hakuna kilichoandikwa wala kufutwa. Ukiuliza mara mia utapata jibu lile lile.

Makali ya tatu ni kanuni kutumiana ujumbe kwa siri. Kanuni moja inaandika jambo pembeni, nyingine inakuja kulisoma baadaye. Ukisoma kanuni peke yake huielewi, kwa sababu jibu lake linategemea nani alipita pale kabla yako. Leo swali linajibiwa ndiyo, dakika tano baadaye swali lile lile linajibiwa hapana, na hakuna kilichobadilika duniani. Hapo ile sifa ya Prolog, ya kusomeka kama sentensi ya kweli, imekufa. Heri basi mtu atumie lugha nyingine.

Sasa twende kwenye mpini. Mgala muue na haki yake mpe.

Matumizi mema ya kwanza ni pale ulimwengu wenyewe unapobadilika. Mtu akichukua kitabu kwa kweli, mkononi, akatoka nacho mlangoni, basi kuna ukweli mpya ambao jana haukuwapo. Programu isipoandika ukweli huo itakuwa inadanganya. Hapa assertz si ujanja, ni wajibu. Kuna hata njia ya kuitangaza wazi juu ya programu, kwa neno dynamic, ili anayesoma ajue ni ukweli upi unaoweza kubadilika na upi haubadiliki. Mimi mwanzoni niliona hiyo ni kazi bure. Sasa naona ni uungwana, kama kubisha hodi.

Matumizi mema ya pili ni kukumbuka jibu ambalo tayari ni kweli. Chukueni mfululizo wa Fibonacci, ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia: 0, 1, 1, 2, 3, 5, 8 na kuendelea. Ukiandika kanuni yake kama ilivyo, kutafuta namba ya 20 kunaifanya Prolog iite kanuni hiyo mara 21,891. Namba ya 30 ni mara 2,692,537! Sababu ni kwamba inahesabu mambo yale yale tena na tena, kama mwanafunzi anayerudia kuzidisha kila swali bila kuandika jibu. Lakini kila jibu likiandikwa mara tu linapopatikana, basi kwa namba ya 20 yanatosha majibu 21 tu, kuanzia 0 hadi 20. Na angalieni vizuri: hapa programu imejiandika upya, lakini maana yake haikubadilika hata kidogo. Kilichoongezwa kilikuwa kweli tangu mwanzo. Imepata wepesi tu. Siku hizi huhitaji hata kuyaandika majibu hayo mwenyewe. Mfumo wa XSB kutoka Stony Brook, New York, ulisifika kwa kuweka majibu katika jedwali wenyewe, na SWI-Prolog nayo sasa inafanya hivyo ukitangaza neno table.

Lakini hata hapa kuna mtego. Jibu lililohifadhiwa lisitegemee jambo linaloweza kubadilika. Ukihifadhi kwamba "Fulani anadaiwa", kisha Fulani akarudisha kitabu asubuhi, lile jibu la jana litaendelea kumchafulia jina. Fibonacci haibadiliki, lakini deni hubadilika.

Matumizi mema ya tatu ni kutomsumbua mtu kwa swali moja mara mbili. Ile programu yangu ya ngeli, ambayo wengi mmeichezea, ikikutana na neno isilolijua hukuuliza liko katika ngeli gani, kisha huandika jibu lako. Hiyo ni sawa, mradi iandike pia ni nani aliyejibu. Mnajua kuna mtu aliiambia kwamba "kiongozi" ni kitu kwa sababu linaanza na ki? Ikakaa inasema "kiongozi kimefika" wiki nzima.

Nimekwisha sema ya kwangu. Sasa niwajibu wale wanaotaka turudi kwenye daftari. Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo naipenda, tena nyumbani kwetu tunaishi nayo. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na jioni humsaidia mama dukani. Mama ana daftari la madeni. Mteja akilipa, mama hachani ukurasa wala hafuti kwa kifutio. Anapiga mstari juu ya deni, anaandika tarehe pembeni. Siku moja jirani alikuja akifoka kwamba amedaiwa mara mbili. Mama alifungua daftari, wakasoma pamoja mstari kwa mstari, na jirani akaondoka kimya. Usiku ule ndipo nilipogundua kasoro kubwa zaidi ya programu yangu. Mimi mtu akirudisha kitabu nilikuwa natumia retract, nafuta kila kitu. Hakukubaki alama yoyote ya kumtetea yeyote. Yule msichana hakuwa na daftari la kufungua mbele yangu.

Kwa hivyo nimeandika upya kwa njia ya mama:

anacho(Mtu, Kitabu) :-
    azimwa(Namba, Mtu, Kitabu, _),
    \+ rudishwa(Namba, _).

Kila kuazima kuna namba yake, jina la mtu, kitabu na tarehe. Kila kurudisha kunaandikwa pia, kwa namba ile ile na tarehe yake. Hakuna kinachofutwa. Mtu anacho kitabu ikiwa aliazimwa na bado hakijarudishwa, basi. Programu bado inajiandika upya, lakini inaongeza tu kwenye habari za yaliyotokea, haigeuzi yaliyopita.

Na kwa wale wanaosema iachwe ilivyokuwa kwa kuwa kosa lilitokea mara moja tu, nawauliza: mlijuaje kwamba ni mara moja? Sisi tuligundua kwa bahati, kwa sababu mwalimu alifungua dawati lake. Nimekagua faili la zamani, nimekuta wanachama wengine wawili walioandikiwa vitabu ambavyo hawakupewa. Bahati yao vilikuwa sandukuni.

Tena kuna jambo la stima. Kinachoandikwa kwa assertz hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hakiendi kwenye faili chenyewe. Stima ikipotea, na hapa kwetu hupotea, yote yamekwenda na maji. Ni lazima programu iandike kwenye faili kila mara, si kungoja jioni.

Mkutano mkuu wa chama utapiga kura mwanzoni mwa muhula ujao. Ombi langu ni kwamba programu isitupwe, ila ipewe masharti manne. Kwanza, isiandike lolote kabla ya kuhakikisha masharti yote. Pili, isifute kamwe habari za kuazima na kurudisha. Tatu, kila mwanachama aweze kuuliza na kuonyeshwa rekodi yake yote bila kuomba ruhusa ya mtu. Nne, kwa muhula mmoja daftari la kalamu liwekwe sambamba na kompyuta, na vikitofautiana, mwanachama asilipishwe hata senti mpaka ijulikane ni kipi kimekosea. Wenzangu watasema sharti la nne ni kazi maradufu. Ni kweli, lakini shilingi 300 za sarafu bado naziona mezani mpaka leo.

Mwisho, kwako dada yangu wa mkondo ule mwingine, natumaini jarida hili litakufikia. Uliniuliza, "Kwani mimi niko na ngapi?" Hilo ndilo lilikuwa swali sahihi, na mimi sikukusikiliza kwa sababu skrini ilikwisha nijibu. Nisamehe. Kamusi iko sandukuni, na rekodi yako ni safi. Njoo siku ya mkutano uifungue mwenyewe uisome mstari kwa mstari, kisha upige kura, hata kama ni ya kunipinga.

Nakomea hapo.